Kufunga kwa Maji Matupu: Kuna Faida?

SWALI: Daktari, wenzangu hufunga siku tatu kwa maji matupu ili kupunguza unene na kusafisha mwili. Nami nijaribu?

JIBU: Uzito utapungua, lakini faida yake ni ndogo. Sukari ya akiba iliyo kwenye ini hutosha takriban siku moja. Ikiisha, mwili huchoma mafuta na kumega misuli pia. Sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji, nazo hurudi ukianza kula. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo kila siku, ule usile.

Angus Barbieri wa Scotland alifunga siku 382 mwaka 1965 hadi 1966, ila madaktari walimfuatilia na kumpa vitamini na madini. Usimwige. Baada ya mfungo mrefu, mlo mkubwa wa ghafla huweza kushusha fosfeti na potasiamu katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari au ugonjwa wa figo asijaribu kabisa.

Ushauri wangu: acha soda, punguza wanga, ongeza mboga na maharage, tembea kila siku. Matokeo yatachelewa, lakini yatadumu.