Maporomoko ya ardhi: Filimbi ikae shingoni

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, mlima ulimeguka na kufunika nyumba huko Chesongoch, Marakwet Mashariki. Zaidi ya watu 20 walifariki, na majeruhi wakaletwa Eldoret kwa ndege. Je, wewe unayeishi kwenye mteremko umejiandaa vipi?

FILIMBI: Nunua ya plastiki, haishiki kutu. Msimu wa mvua, lala ukiwa umeivaa. Aliyefukiwa huishiwa na sauti upesi, bali filimbi huhitaji pumzi kidogo tu. Piga mara tatu, kisha usikilize.

TOCHI: Ya kufunga kichwani ni bora, kwani mikono hubaki huru. Jaribu betri kila jioni.

SEPETU: Iwe na mpini imara, nayo iwekwe nje ya nyumba. Ukimkaribia aliyefukiwa, tumia mikono. Fukua uso kwanza, umtoe matope kinywani na puani. Mwenzako achunge mlima, maana huweza kuporomoka tena.

Hata hivyo, hakuna kifaa kinachoshinda kuhama mapema. Mkiona nyufa ardhini, kijito kikigeuka matope ghafla, au mkisikia mngurumo, kimbilieni kando. Msifuate bonde.