Kumwosha Maiti Wakati wa Ebola

Katika Kivu ya Kaskazini, mtu akifa, jamaa humwosha, humvika nguo safi, na watoto wake humgusa mara ya mwisho. Desturi hii yatoka katika mapendo. Lakini tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ilidumu hata tarehe 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200.

Ugonjwa huu hukaa katika damu, matapishi na maji mengine ya mwili; na mgonjwa akiisha kufa, mwili wake bado waambukiza sana. Basi aliyemwosha dada yake aliweza kurudi nyumbani na kifo mikononi.

Wengi hawakuamini. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, nao wakasema: «Ni siasa tu.» Watu waliokwisha kuona mauaji miaka mingi, si ajabu wakishuku. Lakini ugonjwa haukungoja waamini.

Je, asiyemwosha marehemu wake amemdharau? La. Kuzika wafu ni tendo la huruma, wala tendo hilo halikuondolewa. Wazikaji wenye nguo za kujikinga walibeba maiti. Jamaa walisimama mbali kidogo, wakasali, na waliweza kutoa nguo iwekwe sandukuni.

Kisha waliomgusa mgonjwa walihesabu siku 21, wakipimwa joto la mwili, na jirani akiogopa hata kuomba moto. Zikiisha, asiye na homa alirudi shambani.