Dondoo muhimu: Likizo ya Juni na mtoto mwenye hofu

Likizo hii rudieni mahali pale pale badala ya kukimbilia kila kivutio. Ziwa Duluti, Tengeru, linafaa sana: njia ya msituni inalizunguka, hivyo leo mtoto aishie kwenye miti ya kwanza, safari ijayo asogee mbele. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza alivyomwondolea mtoto hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo taratibu huku mtoto akila. Basi bebeni maandazi. Wapo watakaosema asukumwe tu, atazoea. Anayesukumwa hujifunza kunyamaza, hofu ikabaki. Twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha wanaweza kusubiri. Asubuhi za Juni chini ya Meru ni baridi: sweta kwanza.