SADAKA YA MAJI: KUCHIMBA KISIMA NI NUSU YA KAZI



Wapenzi wanafunzi na wazee wetu, kila mwaka tunachangishana kwa ajili ya maji. Huyu hutoa saruji, yule pampu, na mwingine huchimba kisima kwa niaba ya mzazi wake aliyetangulia mbele ya haki. Katika somo hili tunauliza jambo ambalo aghalabu halitajwi wakati wa kuchanga: maji yakishatoka, nani atayapima, nani atawafundisha watu kuyatunza, na kwa fedha gani?

1. Asili ya sadaka hii

Waislamu walipohamia Madina walikuta kisima cha Ruma, chenye maji matamu, mwenyewe akiyauza. Mtume (S.A.W.) alihimiza kinunuliwe kwa ajili ya Waislamu. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, naye akawa anateka kwa ndoo yake kama mtu mwingine yeyote. Na Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake aliuliza ni sadaka gani iliyo bora, akaelekezwa maji, akamchimbia kisima.

Sadaka ya namna hii tunaiita jariya, yaani yenye kupita, kwa sababu thawabu zake huendelea maadamu watu wananufaika nayo. Tulishike neno hilo: wananufaika. Kisima kinachowaugulisha wanywaji kimepoteza kusudio lake, hata kama maji yake hayakauki.

2. Maji twahara na maji salama

Katika fiqhi tumesoma kwamba maji yakifika kulla mbili, takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika rangi, tamu au harufu. Hukumu hiyo ni ya twahara. Kwa kunywa liko swali la pili: je, yana madhara? Sheria yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi rangi, tamu wala harufu ya maji. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa kisionekane hata kijidudu kimoja cha aina ya E. coli, ambacho ni alama ya kinyesi. Jambo hilo hujulikana kwa kipimo tu.

3. Funzo kutoka Bangladesh

Katika nchi ya Bangladesh watu wengi walikuwa wakinywa maji ya madimbwi na mito, na watoto wakifa kwa kuhara. Kuanzia miaka ya 1970, serikali na UNICEF walifadhili visima vya bomba vyenye pampu za mkono. Wananchi nao wakachimba vingi kwa fedha zao. Maji yalitoka meupe na baridi, kila mtu akashukuru.

Lakini hayakuwa yamepimwa aseniki, sumu iliyomo katika ardhi yenyewe ya nchi ile. Sumu hii haina rangi, tamu wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Iligunduliwa ndani ya visima mwaka 1993, wakati watu walikwisha kuinywa miaka mingi. Huleta madoa na magamba ya ngozi, na baadaye saratani.

Kati ya miaka ya 2000 na 2003 vilipimwa visima karibu milioni 5. Vipatavyo milioni 1.4 vilikutwa vimepita kiwango cha nchi hiyo cha mikrogramu 50 kwa lita, ilhali WHO inaelekeza 10. Pampu zenye sumu zilipakwa rangi nyekundu: maji yake ni ya kufulia na kuogea, si ya kunywa wala kupikia. Zilizo salama zilipakwa kijani. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Hatusemi kuwa visima vile havikuwa na kheri. Tunasema kwamba nia njema haiondoi sumu, na kwamba matibabu yalianza kwa kupima na kufundisha, mambo mawili ambayo hayakutengewa fungu mwanzoni.

4. Kisima chetu wenyewe

Tusiwaangalie wenzetu tu. Mwaka huu wanafunzi wetu walitia maji ya kisima cha madrasa katika chupa ndogo yenye karatasi ya dawa. Siku ya pili maji yakawa meusi, ishara ya uchafu wa kinyesi. Tulipochunguza tukakuta mfuniko umepasuka, na maji ya mvua yanaingia na kila kilichomo uani. Mfadhili alitoa fedha za kuchimba, nasi hatukumwomba zaidi, wala hatukuweka akiba. Kosa ni letu. Sasa tunatawadhia maji hayo, lakini hatuyanywi mpaka kisima kitengenezwe, kitiwe klorini na kupimwa tena.

5. Mchango ugawanywe vipi?

(a) Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Surat Tawba, na wanavyuoni wengi, pamoja na wa madhehebu ya Shafi, hawakuruhusu ichimbie visima. Basi tutumie sadaka na wakfu.

(b) Kabla ya kuchimba, tulipie mtaalamu achague mahali mbali na vyoo vya shimo, na maji ya mwanzo yapelekwe maabara. Huko Arusha floridi imetia meno ya watu wengi rangi ya kahawia. Nayo pia haiondoki kwa kuchemsha.

(c) Liwepo fungu la kupima kila mwaka, hasa baada ya masika.

(d) Liwepo fungu la kufundisha: chupa za kupimia, ubao wa matokeo kisimani, na darasa kwa akina mama na wachotaji.

(e) Kila kisima kiwekewe wakfu wenye pato, kama minazi michache au chumba cha duka. Asili ibaki, pato lihudumie maji, na mtawalii asome hesabu mbele ya watu.

Anayetoa shilingi ya kupimia asidhani ametoa kidogo kuliko aliyetoa ya kuchimbia.

Maswali

1. Eleza tofauti ya maji twahara na maji salama ya kunywa.
2. Kwa nini pampu za Bangladesh zilipakwa rangi badala ya kuandikwa?
3. Waulize wazazi wako: kisima mnachotumia kilipimwa lini?