Kutoka Udakaji hadi Umeneja: Funzo la Kupanda Cheo kwa Utaratibu

Maandalizi ya uongozi huanzia katika kazi ambayo mtumishi anayo sasa, hata ikiwa ni ya pembeni. Safari ya Bruce Bochy katika besiboli ya kulipwa nchini Marekani ni ushahidi wa jambo hilo.

Bochy alikuwa mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji wa timu pinzani na kudaka mipira ya mrushaji wa timu yake. Wenzake wanane huelekea upande wake. Yeye peke yake anauona uwanja wote. Enzi za Bochy, kabla ya mpira kurushwa, mdakaji alificha mkono katikati ya mapaja na kumwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira uliotakiwa. Kazi hiyo inadai kujua udhaifu wa kila mpigaji, na zaidi ya hapo kutambua mrushaji amechoka kiasi gani.

Hakuwa nyota. Kati ya 1978 na 1987 alizichezea Houston Astros, New York Mets na San Diego Padres, na katika misimu tisa alicheza mechi 358 tu, ilhali msimu mmoja una mechi 162. Wengi huiona nafasi ya akiba kama adhabu. Ni kosa kubwa, kwa sababu aliye benchi hupata muda wa kujifunza jinsi uamuzi unavyofikiwa.

Baada ya kuacha kucheza hakurukia cheo. Mwaka 1989 alianza kuongoza timu za ligi ndogo, mwaka 1993 akawa kocha msaidizi wa Padres, na mwaka 1995 akakabidhiwa timu hiyo kama meneja, cheo ambacho michezo mingine hukiita kocha mkuu. Mwaka 1998 aliifikisha fainali, ikashindwa na New York Yankees. Ubingwa aliupata akiwa na San Francisco Giants mwaka 2010, 2012 na 2014, kisha Texas Rangers mwaka 2023.

Cheo kina wajibu wake pia, na wa kwanza ni kuwatetea walio katika kazi ambayo kiongozi aliwahi kuifanya. Mei 2011 mdakaji wa Giants, Buster Posey, aligongwa na mkimbiaji wa timu pinzani aliyekuwa akiwania pointi. Alivunjika mguu, na msimu wake ukaishia hapo. Migongano ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo kwa miaka mingi. Bochy, aliyekuwa amechuchumaa mahali pale pale enzi zake, alidai hadharani kanuni zibadilishwe.

Zilibadilishwa mwaka 2014. Mkimbiaji haruhusiwi tena kuacha njia yake ili amgonge mdakaji, na mdakaji asiye na mpira haruhusiwi kumzibia mkimbiaji njia.