SOMO LA WANACHAMA: NANI ALIPE GARI LA VIJIJI VYA MBALI?

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita mbali, kusini ya Kasulu na Kibondo. Utawala wa kikoloni uliihesabu nchi ya Buha kuwa ghala la vibarua, na vijana wake wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kuijenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu. Mabasi ya watu binafsi hufuata lami. Kijiji kilichoko kilomita 30 ndani hakijasogea hata hatua moja.

Ndiyo maana katika mikutano mikuu swali hili halikomi: je, chama kiendelee kuligharimia gari la vijiji vya mbali?

Mfano ufuatao ni wa kujifunzia. Safari moja ya gari la chama, kwenda na kurudi, hugharimu shilingi 300,000: dizeli, posho ya dereva na utingo, matairi, vipuri na akiba ya uchakavu. (Hiyo ya mwisho ndiyo isahaulikayo, na gari likifa hakuna fedha ya kununua jingine.) Nauli na malipo ya mizigo huleta shilingi 210,000. Upungufu wa shilingi 90,000 hujazwa na makato ya wanachama wote.

Mwanachama wa kando ya lami husema gari liuzwe. Ana haki ya kuuliza, ila hesabu yake imeishia nusu. Wakati wa mavuno gari hurudi na magunia 40 ya maharage, kila moja kilo 100. Mlanguzi aingiaye kijijini hutoa bei pungufu ya ile ya ghalani kwa shilingi 50 kila kilo, hata baada ya mkulima kuondoa gharama ya kusafirisha. Na lumbesa bado haijahesabiwa. Kwa kilo 4,000, hizo ni shilingi 200,000 zinazobaki kwa wanachama. Tena wingi wa mzigo ndio umvutao mnunuzi mkubwa. Ghala likiwa nusu tupu, mwanachama wa karibu naye hana nguvu ya kudai bei.

Msimu ukiisha hesabu hugeuka. Magunia 5 huokoa shilingi 25,000 tu, na kuendelea na safari zilezile ni kula akiba. Yafaa zipunguzwe hadi siku ya gulio, lakini zisifutwe, kwa maana abiria wa miezi hiyo ni mama mjamzito, mgonjwa na mwanafunzi wa sekondari.

Hapa mjadala huwa mgumu. Si haki huduma hiyo ifichwe ndani ya hesabu ya maharage. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya nafaka kuu nchi nzima, na gharama ya kuzisafirisha kutoka mbali ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC). Nia ilikuwa njema, lakini msaada huo haukuandikwa kwenye stakabadhi ya mkulima; ulizama katika hasara za shirika. Mpango ulipoachwa katika miaka ya 1980, mkulima wa pembezoni hakuwa na tarakimu mkononi za kujitetea.

Mfuko wa Barabara na TARURA, iliyoanza 2017, hushughulikia barabara, si gari lipitalo juu yake. Kwa hiyo upungufu wa safari za abiria uandikwe katika daftari lake, upelekwe kwa madiwani kwa tarakimu, na halmashauri ya wilaya iombwe kuchangia. Ikikataa, mkutano mkuu upige kura ukijua kila kilo inakatwa shilingi ngapi.

Zoezi la vikundi: chukueni daftari la safari la msimu uliopita. Tengeni safari za mavuno na zile za miezi mingine, mtafute upungufu wa kila fungu. Je, ni safari zipi ambazo mzigo wake haukuufidia?