Mtu Hujikuna Ajipatapo: Sherehe ya Kuzaliwa ya Mtoto na Bajeti ya Familia

Ndugu mlaji, somo hili linahusu matumizi ambayo wengi wetu huona haya kuyahesabu. Mzazi anayenunua jokofu huuliza bei katika maduka matatu, hudai dhamana, na haondoki bila risiti. Mzazi huyohuyo anapoandaa sherehe ya mwanawe kutimiza miaka mitano, pengine hutumia fedha nyingi kuliko bei ya jokofu lile, hali hana hata karatasi moja mkononi. Sababu yake inaeleweka. Sherehe ni jambo la mapenzi, na mapenzi hayapendi kuulizwa bei. Hata hivyo, wanaouza huduma za sherehe wanafanya biashara, na mbele yao mzazi ni mlaji kama walaji wengine: ana haki zake, na ana wajibu wa kujihadhari.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini gharama za sherehe ya mtoto hupanda bila mwenyewe kutambua;
(b) kupanga bajeti ya sherehe na kuisimamia;
(c) kudai haki yake kwa watoa huduma, na kulinda usalama na faragha ya watoto.

1. Sherehe ilikotoka na ilikofika

Kumfurahia mtoto si jambo geni kwetu. Wazazi Waislamu humfanyia mtoto akika, aghalabu siku ya saba baada ya kuzaliwa. Wakristo hukusanyika kwa ubatizo, na baadaye kwa komunyo ya kwanza na kipaimara. Sikukuu ya kuzaliwa ya kila mwaka, yenye keki na mishumaa, ilituingia baadaye, na kwa muda mrefu ilibaki kuwa shughuli ya sebuleni: keki moja, pilau, soda, watoto wa majirani, na mwenye siku yake kumwagiwa maji uani hadi alowe chapachapa huku wenzake wakicheka.

Leo, hasa mijini, sherehe hiyo imeanza kufanana na harusi. Kuna ukumbi, mshereheshaji, mpambaji, ukuta wa maputo, keki ya ghorofa, mpiga picha, sare za familia nzima na mifuko ya zawadi kwa kila mtoto mwalikwa. Zipo familia zinazofungua kundi la WhatsApp na kuomba michango, kama ifanywavyo kwa harusi.

Somo hili halisemi kwamba sherehe kubwa ni kosa. Mwenye uwezo na atumie. Fedha yake ni riziki ya mwoka keki, ya fundi cherehani na ya mpishi wa mtaani. Tunazungumza na yule ambaye sherehe ya siku moja humwachia pengo la miezi.

2. Kwa nini gharama hupanda bila kuonekana

Kwanza, sherehe hununuliwa vipande vipande. Hakuna mtu anayeambiwa, "Sherehe yako ni shilingi milioni mbili na nusu." Huambiwa bei ya keki leo, bei ya maputo kesho, na bei ya viti vyenye vitambaa keshokutwa. Kila bei ikisimama peke yake huonekana yavumilika. Tumezoea kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba tunapohimizana kuweka akiba. Tusisahau kwamba haba na haba hujaza na kibaba cha deni.

Pili, tunapima sherehe zetu kwa picha za sherehe za wengine. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha inayozunguka katika simu haionyeshi kama mapambo yale yalilipiwa, yalikopwa, au yalitolewa bure na mpambaji ili ajitangaze.

Tatu, mwaliko hugeuka deni. Mtoto wetu akialikwa penye jumba la hewa la kurukia na mifuko ya zawadi, tunajiona tumewajibika kurudisha sherehe ya namna ileile, tena yenye nyongeza kidogo. Kwa njia hiyo, sherehe kubwa ya mwaka huu huwa ndicho kiwango cha chini cha mwaka ujao, ingawa hakuna mzazi aliyekaa na wenzake wakakubaliana hivyo.

3. Mfano wa hesabu

Tuchukue familia ya mfano. Wazazi wamekubaliana kutumia shilingi 600,000 kwa sherehe ya mtoto wao mwezi Novemba. Wamealika watoto 30 na watu wazima 30. Baada ya wiki tatu za maandalizi, orodha yao inasomeka hivi:

Keki: 180,000
Mapambo na maputo: 350,000
Ukumbi: 300,000
Chakula cha watu 60, kila mmoja 12,000: 720,000
Mshereheshaji na muziki: 250,000
Mpiga picha: 200,000
Jumba la hewa la kurukia: 150,000
Sare za familia: 160,000
Mifuko ya zawadi 30, kila mmoja 8,000: 240,000
Jumla: 2,550,000

Bajeti imezidi mara nne ya kusudio la awali. Sasa tuulize swali moja kwa kila mstari: kitu hiki ni cha nani? Keki, mchezo wa kuruka, mifuko ya zawadi na chakula cha watoto 30 ni vya watoto. Jumla yake ni shilingi 930,000. Shilingi 1,620,000 zilizobaki, ambazo ni karibu theluthi mbili ya fedha yote, zimekwenda kwa watu wazima na kwa picha. Mtoto wa miaka mitano hakuomba ukumbi, wala hatakumbuka rangi ya vitambaa vya viti.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi wa kumtunza mtoto, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Pamoja na hayo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza ni haki ya mtoto. Kuonyeshwa kwa watu si miongoni mwa mahitaji hayo. Mzazi anayepunguza mapambo hajampunja mwanawe. Anayepunguza ada na lishe ili apate mapambo ndiye anayempunja.

4. Mkopo wa siku moja

Pengo kati ya 600,000 na 2,550,000 lazima lizibwe. Tuseme familia yetu ya mfano imekopa shilingi 1,500,000 kwa miezi mitatu, kwa mkopeshaji anayetaka ziada ya shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila shilingi 100,000. Ziada ya mwezi mmoja ni 300,000. Ya miezi mitatu ni 900,000. Sherehe ya shilingi 2,550,000 sasa imegharimu shilingi 3,450,000. Tena, marejesho hayo yanaangukia Januari, mwezi ambao shule hufunguliwa na mzazi hutakiwa kununua sare, viatu na madaftari, na kwa wengine kulipa ada.

Mikopo ya namna hiyo wananchi wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anapaswa kuwa na leseni. Kabla ya kukopa, ikiwa ni pamoja na kukopa kupitia programu za simu, hakikisha mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Uliza jumla utakayorejesha kwa shilingi, si kwa asilimia peke yake, na uione kwa maandishi kabla ya kutia saini. Lakini ushauri ulio bora zaidi ni mfupi: usikope kwa ajili ya sherehe ya mtoto. Kitakacholiwa kwa saa nne kisilipwe kwa miezi.

5. Kabla ya kulipa arubuni

Watoa huduma wengi wa sherehe hudai malipo ya awali, yaani arubuni. Hapo ndipo migogoro mingi huanzia. Zingatia haya:

(a) Andikianeni. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, ila kuyathibitisha ni kazi. Taja tarehe, saa, mahali, idadi, vipimo na bei ya jumla. Ujumbe wa simu unaoeleza hayo yote na kujibiwa na mtoa huduma ni afadhali kuliko maneno matupu.

(b) Uliza hatima ya arubuni. Je, ukiahirisha kwa sababu mtoto ameugua, fedha hurudi yote, nusu, au hairudi? Na mtoa huduma akishindwa kufika, atafanya nini? Majibu hayo yapatikane kabla ya fedha kutoka.

(c) Hifadhi picha uliyoonyeshwa. Ukionyeshwa picha ya keki ya ghorofa tatu, kisha ukaletewa keki iliyoinama na yenye rangi nyingine, picha ile ndiyo ushahidi wako. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, bei au sifa za bidhaa na huduma, na inataka kilichouzwa kilingane na maelezo yaliyotolewa.

(d) Dai risiti. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na usikubali bei ya "bila risiti". Punguzo hilo hukuondolea uthibitisho wa malipo siku utakayouhitaji.

Ukiona umedhulumiwa, anza kwa kumwandikia mtoa huduma, ukieleza kilichoahidiwa, kilichotolewa na unachodai. Asipokujibu au akakataa, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za makubaliano, picha na risiti.

6. Usalama wa watoto

Mapambo mazuri yanaweza kuwa na hatari. Puto ambalo halijajazwa, au kipande cha puto lililopasuka, kinaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo. Okoteni vipande mara moja, na msiwape watoto maputo wayapulize wenyewe. Maputo yanayopaa huhitaji uangalifu zaidi: mwulize mpambaji ametumia gesi gani. Helium haiwaki, bali haidrojeni huwaka na kulipuka ikikutana na moto. Usikubali maputo ya haidrojeni, hasa pale penye mishumaa ya keki.

Jumba la hewa la kurukia lifungwe imara ardhini, lisitumike penye upepo mkali, na muda wote awepo mtu mzima anayelisimamia. Msiwachanganye watoto wadogo na wakubwa kwa wakati mmoja. Chakula kilichopikwa asubuhi kisikae juani hadi alasiri. Vyenye krimu na maziwa vibaki kwenye ubaridi mpaka wakati wa kuliwa. Waulize wazazi wa walikwa kama yupo mtoto mwenye mzio wa karanga, mayai au maziwa.

7. Picha za watoto wa watu

Mpambaji na mpiga picha wengi hutumia picha za sherehe kujitangaza mitandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa za watoto pia. Andika katika makubaliano kama unaridhia picha zitumike au huridhii. Kumbuka pia kwamba unaweza kuridhia kwa mwanao, lakini huwezi kuridhia kwa niaba ya mtoto wa jirani. Picha yenye sura ya mtoto, jina lake, umri wake na sare ya shule yake humweleza mtu asiyemjua mengi kuliko inavyopasa.

8. Sherehe ndogo isiyo na aibu

Weka ukomo wa fedha kabla ya kuzungumza na mtoa huduma yeyote, na uugawe katika bahasha tatu: chakula, michezo, na mengineyo. Bahasha ikiisha, imeisha. Kisha mwulize mtoto mwenyewe mambo matatu anayoyataka siku hiyo. Mara nyingi utasikia majina ya marafiki wawili watatu, keki, na mchezo fulani.

Tuirudie familia yetu ya mfano. Ikialika watoto 15 na watu wazima wanane, ikafanyia uani, ikaagiza keki ya shilingi 100,000, ikapika nyumbani kwa shilingi 250,000, ikakodi jumba la kurukia kwa 150,000 na kutenga 60,000 kwa mapambo, itatumia shilingi 560,000. Hakuna mkopo, na shilingi 40,000 zimebaki za kununulia madaftari ya Januari.

Jambo moja haliwezi kufanywa na mzazi mmoja, nalo ni kuushusha ushindani. Wazazi wa darasa moja wanaweza kukubaliana, kwa kushirikiana na mwalimu, kwamba watoto waliozaliwa mwezi mmoja washerehekee pamoja kwa keki moja, na kwamba mifuko ya zawadi isiwepo. Anayelitamka jambo hilo wa kwanza huenda akadhani ataonekana mnyonge. Mara nyingi hukuta wenzake walikuwa wakingoja mtu wa kulisema.

Maswali ya kujipima

1. Katika sherehe ya mwisho uliyoandaa au kuchangia, ni kiasi gani kilikwenda kwa watoto, na ni kiasi gani kwa watu wazima na picha?
2. Je, ulilipa arubuni? Una uthibitisho gani wa yale mliyokubaliana?
3. Ikiwa ungekopa shilingi 500,000 kwa masharti ya mfano wa sehemu ya 4, ungerejesha jumla ya shilingi ngapi baada ya miezi mitatu? (Jibu: 800,000.)
4. Ni wazazi gani wawili unaoweza kuzungumza nao juu ya kiwango ambacho kila mmoja atakimudu?

Mtu hujikuna ajipatapo. Methali hii haimkatazi mtu kujikuna. Inamfundisha mkono wake unapofika. Mfurahie mwanao siku yake, mkatie keki, mmwagie maji, mwimbieni. Asubuhi inayofuata aamke katika nyumba isiyodaiwa.